Maji yaliyotoka kwenye pampu na maji yaliyofika kwenye mzizi: jinsi vihisi vinavyofichua uvujaji shambani

Tundu la milimita 3 kwenye bomba ni dogo sana. Ukipapasa bomba gizani huenda vidole vikalipita bila kuligundua. Ila kama bomba hilo linashuka kutoka kwenye tangi lililoko kilimani, mita 10 juu ya shamba, tundu hilo hutoa takriban lita 214 kila saa. Bomba likiwa na maji usiku na mchana, kufikia kesho saa kama hii zitakuwa zimetoka zaidi ya lita 5,000. Hilo ni tangi zima, lile kubwa jeusi la plastiki, limemwagika ardhini bila mche hata mmoja wa nyanya kunufaika.

Utasema mkulima makini angeliona. Si lazima. Kwenye udongo wa kichanga, maji yanayovuja chini ya bomba lililofukiwa hunywea moja kwa moja kwenda chini, na juu pakabaki pakavu. Kwenye shamba la umwagiliaji wa matone lililofunikwa kwa nyasi au nailoni, unyevu ndiyo hali ya kawaida, hivyo unyevu wa ziada haumshtui mtu. Kinachoonekana ni matokeo, tena baada ya wiki kadhaa: dizeli inaisha haraka, mistari ya mwisho imedumaa, tangi halijai kama lilivyokuwa likijaa msimu uliopita. Kila dalili kati ya hizo ina sababu nyingine nyingi zinazowezekana, na mara nyingi pampu ndiyo inayolaumiwa kwanza. Watu wamebadilisha pampu nzima kwa sababu ya kiungo kimoja kilicholegea.

Siku hizi vihisi vya shambani vinauzwa kama dawa ya tatizo hili. Vinasaidia kweli, lakini kuna jambo ambalo wauzaji hawalisemi waziwazi: hakuna kihisi kinachoona uvujaji. Kihisi hutoa namba tu. Kimoja husema ni lita ngapi zimepita, kingine presha ni kiasi gani, kingine udongo umeyashika maji kwa nguvu gani. Uvujaji hujitokeza pale namba moja inapokataa kulingana na nyingine. Ndiyo maana mkulima aliyenunua kihisi kimoja chenye programu ya simu iliyojaa michoro mizuri huishia kutazama mstari ukipanda na kushuka asijue auulize nini. La kuuliza ni hili: maji yaliyotoka kwenye pampu, yaliyopita kwenye bomba na yaliyofika kwenye mizizi, je, hesabu zake zinakubaliana?

Mita kwanza

Mita ya maji ya kawaida ina gurudumu linalosukumwa na maji, na kwenye gurudumu, au kwenye mshale wa tarakimu linaouzungusha, kuna sumaku ndogo. Kila sumaku inapopita mbele ya swichi, swichi hutoa pigo moja la umeme, na kifaa kilichounganishwa pembeni huyahesabu mapigo hayo. Mita kubwa za shambani hutoa pigo moja kwa kila lita 10 au 100. Vile vidude vya plastiki ambavyo wanafunzi wa ufundi hupenda kujaribia, kama YF-S201, hutoa mapigo takriban 450 kwa lita moja, lakini uwezo wake unaishia lita 30 kwa dakika. Vinafaa kitalu au bustani ya nyumbani. Kwenye bomba kuu la shamba havifai.

Kuna mambo mawili yanayoziharibia mita sifa bila sababu. La kwanza ni mchanga, ambao husaga sehemu zinazozunguka, kwa hiyo mita huwekwa baada ya filta, kamwe si kabla yake. La pili ni hewa. Pampu ikiwashwa huku bomba likiwa tupu, hewa inayosukumwa mbele huzungusha gurudumu kwa kasi, na asiyejua huona mamia ya lita za maji ambayo hayakuwepo. Fundi mzuri huifunga mita mahali ambapo bomba hujaa daima, kwenye kipande kilichonyooka chenye urefu wa kama mara 10 ya kipenyo cha bomba kabla ya mita na mara 5 baada yake, ili maji yafike yakiwa yametulia baada ya kupita kona na koki. Zipo mita za sumaku-umeme na za mawimbi ya sauti ambazo hazina kitu kinachozunguka. Ni bora, na bei yake ni ya juu zaidi.

Hata mita isiyo na waya wowote inatosha kwa jaribio la kwanza. Tazama uso wake. Kando ya tarakimu kuna kigurudumu kidogo, mara nyingi chekundu au cheusi, chenye umbo la nyota au pembetatu. Hicho huzunguka hata kwa mtiririko mdogo ambao tarakimu bado hazijauonyesha. Funga koki zote za shambani, acha bomba litulie, kisha kitazame kwa dakika chache. Kikizunguka wakati hakuna anayemwagilia, kuna mahali maji yanakwenda. Mfumo wa vihisi hufanya jaribio hilihili kila usiku bila kuchoka: huangalia mtiririko wa saa ambazo shamba linapaswa kuwa kimya. Mamlaka za maji za mijini hutumia njia hiyo kutafuta mabomba yanayovuja mitaani, na shambani ni rahisi zaidi kwa sababu hakuna jirani anayeamka usiku kufungua bomba.

Uvujaji wa mchana, wakati shamba linamwagiliwa, ndio mgumu. Hapo hesabu inahitaji subira kidogo.

Chukua ekari moja ya matone. Mistari ikiachana mita 1.2 na vitoa matone vikiachana sentimita 30, utapata takriban mita 3,370 za mpira na zaidi ya vitoa matone 11,200. Kila kimoja kikitoa lita 1 kwa saa, ekari nzima hunywa takriban lita 11,200 kwa saa. Sasa, mita nzuri huweza kukosea kwa kama asilimia 2, na asilimia 2 ya lita 11,200 ni lita 224. Tundu letu la milimita 3 hutoa lita 214. Limejificha lote ndani ya kosa la mita! Unaweza kununua mita ya gharama na kompyuta ya gharama, tundu likaendelea kumwaga maji msimu mzima huku michoro ikionyesha kwamba mambo ni shwari.

Gawa ekari hiyo katika maeneo manne, kila eneo na valvu yake, yamwagiliwe kwa zamu kupitia mita ileile. Kila eneo sasa linapaswa kupitisha lita 2,800 kwa saa, na kosa la mita ni lita 56. Lita 214 za ziada ni karibu asilimia 8, na hazina pa kujificha. Kihisi hakikubadilika, wala tundu. Kilichobadilika ni ukubwa wa eneo linalopimwa kwa mara moja. Kwa maoni yangu, hili lina uzito kuliko chapa ya kifaa au rangi za programu yake, na mtu anayechora ramani ya mabomba anapaswa kulifikiria kabla hata ya kuchimba mtaro wa kwanza.

Presha inasema yanakoelekea matatizo

Mita peke yake ina upofu wake. Mtiririko ukiongezeka kuna uwezekano wa tundu, lakini pia kuna uwezekano kwamba umeme wa jua leo ni mwingi na pampu inasukuma zaidi. Mtiririko ukipungua, je, pampu imechoka, filta imejaa, au vitoa matone vimeziba? Presha ndiyo inayoamua.

Mtiririko ukipanda huku presha ya baada ya valvu ikishuka, maji yamepata njia rahisi ya kutoka: mpira umekatwa, kiungo kimechomoka, au mtu ameacha ncha ya mstari wazi baada ya kuisafisha. Mtiririko ukishuka huku presha ikipanda, njia imebanwa, na katika mashamba yenye maji ya chumvichumvi au mwani, maana yake ni kwamba vitoa matone vinaziba. Vyote viwili vikishuka kwa pamoja, tazama kabla ya valvu: pampu, chanzo au filta. Kwa filta kuna njia nyepesi, nayo ni kuweka geji mbili, moja kabla na moja baada yake. Filta safi huacha tofauti ndogo kati ya geji hizo. Tofauti ikikaribia nusu ya bar, filta inaomba kuoshwa.

Vihisi vya presha vya viwandani huwa na desturi moja ambayo mkulima anapaswa kuijua. Vingi hutuma kipimo kwa njia ya mkondo wa umeme wa miliampia 4 hadi 20. Presha ikiwa sifuri, kihisi hutuma 4, hakitumi 0. Kifaa kikisoma 0, hiyo si habari ya presha kabisa: waya umekatika. Panya ametafuna, au jembe la palizi limepita. Mfumo uliopangwa vizuri hutofautisha “hakuna presha” na “hakuna kihisi”, na hutuma ujumbe tofauti kwa kila moja. Mfumo usiotofautisha utamtoa mtu kitandani akatafute bomba lililopasuka kumbe ni waya.

Pampu za sola zimeleta ugumu wake. Wingu likipita, presha hushuka, mtiririko hushuka, dakika mbili baadaye vyote hupanda tena. Ukiweka kengele ilie kila mtiririko unapotoka kwenye kiwango fulani, italia siku nzima hadi uizime, na kengele iliyozimwa ni sawa na kutokuwa nayo. Dawa yake ni kuacha kutazama mtiririko peke yake na kutazama uwiano. Katika vitoa matone vya kawaida, mtiririko hufuata kipeuo cha pili cha presha. Kwa hiyo ukigawa mtiririko wa eneo kwa kipeuo cha pili cha presha yake, unapata namba ambayo hukaa palepale jua liwake au lijifiche.

Tulifanyie kazi eneo letu la lita 2,800. Presha ikiwa ya mita 10 za maji, kama ya tangi letu la kilimani, kipeuo chake cha pili ni 3.16, na uwiano ni 886. Wingu likishusha presha hadi mita 6.4, kipeuo cha pili ni 2.53, na eneo zima lisilovuja litapitisha takriban lita 2,240. Gawa, utarudi palepale 886. Likiwa na tundu letu, chini ya wingu hilohilo mita itasoma kama lita 2,410, na uwiano utakuwa 953. Mtiririko umepungua kuliko wa asubuhi, mtu anayetazama mita peke yake anaona hali ya kawaida ya wingu, lakini uwiano umepanda kwa zaidi ya asilimia 7. Kila eneo lina uwiano wake, na ni vyema uandikwe siku shamba likiwa jipya, mipira ikiwa safi na viungo vimekaguliwa kimoja kimoja. Tahadhari moja: vitoa matone vile vinavyojirekebisha, ambavyo hutoa kiasi kilekile hata presha ikibadilika, havifuati kanuni hii. Kwa vitoa matone hivyo, mtiririko wa eneo wenyewe ndio unaopaswa kukaa palepale, ilimradi presha iko ndani ya mipaka ya kiwanda.

Kuna jaribio la tatu, zuri kwa bomba kuu. Jaza bomba, funga valvu za pande zote, kisha acha kihisi cha presha kisome kwa nusu saa. Bomba zima hushika presha. Linalovuja huiachia polepole. Fanya alfajiri. Jua likishapiga bomba jeusi, maji ya ndani hupata joto na kutanuka, presha hupanda yenyewe na kuficha uvujaji mdogo uliokuwa ukiutafuta.

Vihisi vikishataja eneo, kazi inayobaki ni ya miguu. Funga nusu ya mistari ya eneo hilo na usome uwiano, kisha nusu ya nusu hiyo, na baada ya raundi chache umebaki na mistari michache ya kukagua kwa macho. Hapo magugu husaidia. Ndago hupenda unyevu usiokatika, na ukikuta kishada chake kimestawi kwa kijani kibichi mahali pamoja kando ya mstari wakati kwingine palizi imetulia, inua nyasi hapo kwanza. Mara nyingi utakuta alama ya jembe kwenye mpira, au meno ya panya, au kiungo kilichosukumwa hadi nusu tu siku ya kufunga na hakikuingia chote.

Uvujaji usio na tundu

Mpaka hapa tumezungumzia maji yanayotoka kwenye bomba mahali pasipopaswa. Kuna maji mengine yanayopotea baada ya kutoka mahali panapopaswa kabisa, na kwa mashamba mengi ya Afrika Mashariki haya ndiyo mengi zaidi.

Kitunguu kina mizizi mifupi. Mingi iko ndani ya sentimita 30 za juu. Tuseme udongo ni wa kichangakichanga, unaoweza kuuwekea mmea kama milimita 80 za maji katika kila mita ya kina. Katika sentimita 30 hizo kuna nafasi ya milimita 24. Kitunguu hakipendi kusubiri hadi zote ziishe. Humwagiliwa kama theluthi moja ikitumika, yaani nafasi iliyo wazi ni milimita 8. Mkulima anayefungulia maji ya mfereji kwenye matuta akamwaga milimita 25, ambazo si nyingi kwa umwagiliaji wa mifereji, ameujaza udongo kwa milimita 8 na 17 zilizobaki zimeteremka chini ya mizizi. Milimita 1 kwenye ekari ni takriban lita 4,047. Milimita 17 ni karibu mita za ujazo 69, kwa zamu moja tu ya kumwagilia. Tundu letu la milimita 3 lingehitaji zaidi ya siku 13 kutoa maji hayo.

Na maji hayo hayateremki peke yake. Hubeba naitrojeni ya urea iliyowekwa wiki iliyopita, na hicho ndicho kinachomuuma mkulima mfukoni. Wataalamu wa maji wana hoja hapa, na ni ya haki: sehemu ya maji yanayozama huibuka tena mtoni au hujaza maji ya chini ya ardhi, kwa hiyo kwa bonde zima hayajapotea yote. Kweli. Ila mbolea imeondoka, muda wa zamu umetumika, na dizeli imeungua, na hivyo havirudi.

Ili kuona uvujaji huu unahitaji kihisi kilichozikwa. Cha zamani zaidi kinachotumika hadi leo ni tensiomita: bomba lililojaa maji, chini lina kikombe cha kauri chenye vinyweleo, juu lina geji. Udongo ukikauka hunyonya maji kupitia kauri, na geji husoma nguvu ya mnyonyo huo kwa kilopaskali. Uzuri wake ni kwamba hupima kile ambacho mzizi wenyewe unakipitia, yaani jasho unalotoa kuyapata maji. Ubaya wake ni kwamba hufika kama kilopaskali 80 kisha hewa huingia na geji hurudi kusoma uongo, hadi ukaijaze tena.

Mkoani Iringa wazo hilohilo lilifika kwa sura nyepesi zaidi. Kuanzia 2013, mradi uliofadhiliwa na kituo cha Australia cha utafiti wa kilimo cha kimataifa, ACIAR, ulifanya kazi na wakulima wa skimu za Kiwere na Magozi, pamoja na skimu za Msumbiji na Zimbabwe. Kwa upande wa Tanzania, Chuo Kikuu Ardhi kilikuwa mshirika. Kifaa kilichotumika kinaitwa Chameleon, kilichobuniwa katika CSIRO, shirika la utafiti la Australia, na timu ya Richard Stirzaker. Vihisi vyake huzikwa katika vina tofauti ndani ya eneo la mizizi, na mkulima huchomeka kisomeo kidogo chenye taa. Hakuna tarakimu. Taa ya buluu maana yake udongo una maji tele, mnyonyo uko chini ya kilopaskali 20 hivi. Kijani ni unyevu wa kutosha. Nyekundu, zaidi ya 50, mmea umeanza kuhangaika. Taa moja kwa kila kina, kwa hiyo mkulima huona kwa mara moja juu kukoje na chini kukoje.

Kando yake kulikuwa na kifaa cha pili, FullStop, ambacho ni faneli iliyozikwa. Maji yanayoteremka yakifika kwenye kina chake hukusanyika na kuinua kiashiria kinachojitokeza juu ya ardhi. Kikipanda cha kina cha chini, mkulima anajua maji yamevuka mizizi. Anaweza hata kuyavuta maji yaliyonaswa kwa bomba la sindano na kuyapima kwa kijikaratasi cha nitreti, akaona mbolea yake mwenyewe ikiwa njiani kwenda zake.

Wakulima walichokiona ni buluu, buluu, buluu hadi chini, siku ambazo zamu yao ya maji ilikuwa imefika na desturi ikawataka wafungulie. Wakaanza kuruka zamu au kufupisha muda, na mavuno yakapanda badala ya kushuka, kwa sababu mbolea ilibaki mahali ilipowekwa. Muda waliookoa waliupeleka kwenye kazi nyingine, na ugomvi wa zamu kati ya walio karibu na banio, yaani mahali maji yanapoingizwa mferejini kutoka mtoni, na walio mwishoni mwa mfereji ukapungua, kwani maji yaliyorukwa juu yalifika chini. Bonde lenyewe linayahitaji: Ruaha Mdogo, mto wa skimu hizo, unaingia Ruaha Mkuu, mto ambao tangu 1993 umekuwa ukikatika kabisa nyakati za kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha.

Ninaipenda Chameleon kwa sababu haimwambii mkulima afanye nini. Inamwonyesha kilichoko chini ya miguu yake, na uamuzi unabaki kwake, ambaye anajua soko, vibarua na hali ya mbingu.

Kihisi cha udongo lakini kina mipaka mikali. Kinaona udongo wa ukubwa wa kama ngumi mbili kukizunguka, basi. Ukikizika mita 3 kutoka kwenye bomba lililopasuka kinaweza kusiseme neno. Kinaweza kukusaidia kunasa tundu kwa bahati tu, pale unyevu wa kina cha chini unapopanda usiku bila mtu kumwagilia. Kikizikwa vibaya, nafasi ya hewa ikibaki kati yake na udongo, kitasoma ukavu wakati mzizi unaogelea; ndiyo maana mafundi hukizika na uji wa udongo uleule uliochanganywa na maji. Vihisi vya umeme vinavyopima uwezo wa udongo kuhifadhi chaji hutegemea tofauti kubwa iliyopo kati ya maji, yenye kiwango cha karibu 80, na chembe za udongo, ambazo ni 3 hadi 5 tu. Lakini chumvi na mfinyanzi huvichanganya, na hutakiwa kusahihishwa kwa udongo wa shamba husika. Vile vya bei rahisi kabisa, vyenye miguu miwili ya chuma iliyo wazi, huliwa na kutu kwa sababu umeme wenyewe huumumunyua mguu mmoja. Kwa maonyesho ya darasani vinafaa. Msimu mzima shambani haviumalizi.

Kwenye mifereji

Skimu nyingi hazina mabomba. Zina banio mtoni, mfereji mkuu, na matoleo ya kugawia maji mashambani. Huko mita ya gurudumu haina kazi, lakini kanuni ya kulinganisha ni ileile: pima yanayoingia mwanzoni mwa kipande cha mfereji, pima yanayotoka mwishoni, toa yaliyochukuliwa kihalali katikati. Kinachobaki kimenywewa na udongo au kimechukuliwa na mtu.

Kipimo cha kawaida ni kizuio chenye mkato wa herufi V wa nyuzi 90. Maji yakipita kwa kina cha sentimita 10 juu ya ncha ya mkato, ni takriban lita 4.4 kwa sekunde. Yakipanda hadi sentimita 12, ni karibu lita 6.9. Sentimita 2 tu zimeongeza maji kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo kihisi cha mawimbi ya sauti kinachoning’inizwa juu ya maji kusoma kina chake lazima kiwe sahihi kwa milimita, na buibui akifuma utando mbele yake, hesabu ya mfereji mzima imeharibika. Mwenye kulinda banio anapaswa kuwa na kazi ya kukifuta.

Mifereji ya udongo, pamoja na mifongo ya Wachagga kwenye miteremko ya Kilimanjaro ambayo imedumu vizazi na vizazi, hunywesha ardhi njiani kote. Vipimo vya kipande kwa kipande huonyesha ni wapi pa kusakafia kwanza, na mara nyingi si mfereji wote. Vina faida nyingine pia: chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya Tanzania ya 2009, kibali cha kutumia maji kutoka Bodi ya Maji ya Bonde hutaja kiasi, na skimu yenye rekodi zake inajadiliana ikiwa na namba mkononi.

Kutoka shambani hadi kwenye simu

Usafirishaji wa vipimo si sehemu ngumu tena. Kifaa hulala muda mwingi, huamka kila dakika 15 kusoma, hutuma, hulala tena. Ndiyo maana betri ndogo hudumu. Penye mtandao wa simu, laini ya kawaida na ujumbe mfupi hutosha. Penye vifaa vingi na mtandao hafifu, redio za LoRa, zinazotuma vipimo vidogo mbali kwa umeme kidogo, hufika kilomita kadhaa mahali pa wazi hadi kwenye kituo kimoja chenye intaneti. Mahindi marefu na vilima hupunguza umbali huo, kwa hiyo antena ipandishwe juu ya mimea itakapokuwa imekomaa, si ilivyo siku ya kufunga.

Kengele isilie kwa usomaji mmoja. Ipe masharti: uwiano upande kwa zaidi ya asilimia 5, ubaki hivyo kwa dakika kadhaa mfululizo baada ya hewa kutoka kwenye bomba. Isipokuwa presha ikianguka ghafla. Hapo bomba kuu limepasuka, na valvu ya umeme inapaswa kufunga yenyewe kabla ya kumuuliza mtu.

Mwenye fedha kidogo aanze na mita moja na geji mbili, azisome kwa macho na kuandika daftarini. Kisha agawe shamba kwa valvu. Kihisi cha udongo kifuate, na vifaa vya kutuma viwe vya mwisho. Wengi huanza upande wa pili, kwa sababu programu ya simu ndiyo inayopendeza kwenye maonyesho ya Nane Nane. Ujumbe wa kengele umfikie pia anayeshika koki, si mwenye shamba aliye mjini peke yake, na utaje eneo na saa ili aende moja kwa moja panapohusika. Akishaziba, awashe eneo lile tena na kusoma uwiano baada ya hewa kutoka. Ukirudi karibu na 886, tundu lilikuwa hilo. Ukisimama 920, lipo la pili, na kazi ya kugawa mistari nusu kwa nusu inaanza upya.